Jinsi wahandisi walivyoidhibiti boila

Asubuhi ya Machi 20, 1905, boila ililipuka katika kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani. Jengo liliporomoka, likashika moto na watu 58 wakaangamia. Boila, kwa asiyeijua, ni tangi la chuma la kuchemshia maji ili kupata mvuke wenye nguvu, kama yale ya viwanda vyetu vya majani chai.

Massachusetts ilitunga sheria ya boila mwaka 1907, na Ohio ikafuata 1911. Hapo likazuka tatizo la pili: kila jimbo na masharti yake. Boila iliyokubaliwa huku ingeweza kukataliwa kule, na biashara ikadorora.

Aliyetegua kitendawili hicho si serikali, bali Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Marekani (ASME), kilichoasisiwa 1880. Mwaka 1911 rais wake, Kanali E. D. Meier, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa boila, aliunda kamati. Watengenezaji, watumiaji na makampuni ya bima walisikizwa, nao mabishano hayakukosekana. Toleo la kwanza la kanuni, la mwaka 1914, lilieleza unene wa mabamba, uimara wa maungio na vali za kupunguzia mvuke.

Chama hakina polisi wala mahakama. Kanuni zilipata makali majimbo yalipozitia katika sheria, na mwaka 1919 wakaguzi wakaunda bodi yao ya kitaifa. Hadi leo hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, na wanaoziandika ni wahandisi wanaojitolea.