Luanda, mji wa bei kali kuliko Tokyo: tomati ya Ureno katika inchi ya mashamba



Juma iliyopita, kati yetu tuliomaliza agronomia pamoja, kulitokea ubishi. Mmoja alikumbusha kwamba mu 2016 Kinshasa ilikuwa mji wa 6 katika ile orodha ya Mercer ya miji yenye maisha ghali zaidi duniani kwa wageni wa kazi. Mwengine akacheka: "Basi sisi ni matajiri!" Wa tatu akakasirika, akasema ni wazungu wanatuchekelea tu. Mimi nilijibu kwamba hapana ile ya kwanza, hapana ile ya pili, na niliahidi kuandika. Lakini ili tuelewe Kinshasa, na hata Lubumbashi yetu, afazali tuanzie kwa jirani. Luanda njo ilikamata nafasi ya kwanza mara mingi: 2010, 2011, kiisha 2013, 2014, 2015, na tena 2017. Tokyo, Geneva, Zurich, zote zilikuwa nyuma ya mji wa Angola.

Kwanza tujue hiyo orodha inapimaka nini. Mercer inauzia makampuni makubwa ushauri. Inaangalia vitu zaidi ya 200: nyumba, gari, chakula, nguo, sinema, hata kikombe cha kahawa. Inalinganisha kila mji na New York, na bei yote inageuzwa kuwa dola. Shabaha yake ni kampuni ijue itaongezea mtu wake feza ngapi ikimutuma mbali. Kwa hiyo haipime bei ya bukari na sombe. Inapima ile maisha ambayo mtu alizoea kwao, ukiibeba nzima na kuiweka mahali pengine. Kumbukeni hiyo, juu yake hesabu yote inayofuata inasimama.

Sasa historia. Luanda ilianzishwa na Wareno mu 1576, na kwa miaka mia mbili na zaidi biashara yake kubwa ilikuwa kuuza watu kwenda Brazil. Hiyo tunaijua, nitaipita. Kinachonigusa mimi kama mtu wa mashamba ni miaka ya mwisho ya ukoloni. Mbele ya 1975 Angola ilikuwa kati ya inchi ine za kwanza duniani kwa kahawa, na kwa mwaka muzuri ilitoa zaidi ya tani 200,000, kubwa yake kutoka upande wa Uíge, karibu na Kongo ya Chini. Mahindi, mkonge na pamba vilikuwa vinapanda meli. Kwa chakula inchi ilikuwa inajitosheleza, inje ya ngano. Musinielewe vibaya: ile kahawa ilivunwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nyanda za juu, na kazi ya kulazimishwa ilifutwa katika sheria tu kisha maasi ya 1961. Siwalilie wakoloni. Nasema tu udongo ulikuwa unazaa.

Mu 1975, kwa miezi michache, Wareno karibu 300,000 waliondoka. Walipakia mali yao katika masanduku ya mbao, na bandari ya Luanda ikajaa masanduku kama mji wa pili. Mingi wanasema Angola ilianguka juu wahandisi walienda. Mimi naona pengo kubwa zaidi lilikuwa lingine. Kule vijijini kulikuwa na maduka madogo ya Wareno wadogo, watu wasiosoma sana, wenye kununua mahindi ya mukulima na kumuuzia chumvi, kitambaa na jembe. Bei yao ilikuwa ya wizi, sawa. Lakini walikuwa na kamio. Walipoenda na makamio yao, mukulima wa Huambo alikuwa na mahindi na hana mununuzi, na Luanda ilikuwa na wanunuzi na haina mahindi. Kwa sisi wenye tuliona mihogo ikioza Manono mu saison ya mvua, hii haihitaji maelezo marefu.

Kiisha vita. MPLA na UNITA walipigana, na mapumziko mafupi, tangu 1975 mpaka 2002. Savimbi aliuawa tarehe 22 Februari 2002, na tarehe 4 Aprili mapatano yakatiwa sahihi. Katika ile miaka 27 mashamba yalipandwa mabomu ya kutegwa kuliko mbegu, madaraja yalivunjwa, na ile reli ya Benguela yenye ilibebaka shaba yetu mpaka Lobito ilikatika. Watu wa vijiji walikimbilia pembeni ya bahari. Mji wenye watu karibu nusu milioni wakati wa uhuru, jimbo lake likahesabiwa zaidi ya milioni sita katika hesabu ya watu ya 2014. Wengi wanaishi mu musseque, ni kusema cité zisizopangwa, bila maji ya robine.

Na wakati ule wote petroli haikusimama. Iko chini ya bahari, vita haikuifikia sana. Kisha amani uzalishaji ulipanda mpaka karibu mapipa milioni moja na laki tisa kwa siku mu 2008, na petroli ikawa zaidi ya asilimia 90 ya vitu vyote Angola ilikuwa inauza inje. Wachina walikopesha feza za barabara na reli tangu 2004. Kulikuwa hata na ndege ya kukodi kati ya Houston na Luanda kwa ajili ya watu wa petroli tu. Wareno nao, kisha mgogoro wa 2008 kwao, walirudi kutafuta kazi katika inchi yenye wazazi wao walikimbia. Hii inanichekeshaka kidogo.

Sasa fikirini: mji uliojengewa watu nusu milioni, bandari yenye meli zilikuwa zinangoja mafungu ya juma inje ya bahari ili zishushe, umeme unaokatika, na maelfu ya wageni wanaofika kila mwaka na kampuni yenye kulipa. Nyumba zenye umeme wa gurupe, tanki la maji na mulinzi zilikuwa chache. Nani anapanga bei hapo? Bailleur. Na yule mgeni habishane, juu haiko feza yake. Kampuni inalipa, mara mingi mwaka muzima mbele. Njo ginsi nyumba ya vyumba viwili vya kulala ilifika zaidi ya dola 6,000 kwa mwezi katika hesabu za Mercer. Serikali ilijenga Kilamba, mji mupya wa Wachina uliofunguliwa mu 2011, na apartema za kwanza zikaanzia dola 125,000. Magorofa yalikaa matupu mpaka bei ikashushwa mu 2013. Walikuwa wamejenga kwa kikapu cha mgeni, na wenyeji wakaangalia kutoka barabarani.

Hapa niwape habari ya mujomba wangu. Kwetu Katanga familia mingi ziko na mutu "kule Angola", tangu wale wajandarma walipovuka mupaka kisha sesesyo. Mujomba alizaliwa kule, na miaka ya 2000 alikuwa anauza mu Roque Santeiro, lile soko kubwa la Luanda lililopewa jina la filamu ya televisheni ya Brazil na kufungwa mu 2010. Alinielezea kwamba alikuwa anapandisha tomati kutoka upande wa Huíla, safari ya siku mbili au tatu kwa barabara yenye mashimo, na alikuwa anafika na nusu ya mali. Ile nusu ingine ilikuwa maji. Nikamuuliza: na kule mu supamaketi ya wazungu? Akasema: "Mwana, kule tomati ilikuwa inatoka Ureno, kwa ndege, imevaa plastiki kama bibi arusi. Bei ya kilo moja mimi nilikuwa ninakula nayo juma."

Nilidhani anaongeza chumvi. Lakini nilivyofanya mahesabu ya usafiri, frigo na hasara kisha mavuno, niliona kwamba haikuwa ajabu. Kwa mwenye duka la wageni, ndege ya Lisbon ilikuwa ya uhakika kuliko kamio ya Lubango. Na kuna sababu ya pili, ya feza. Benki kuu ilikuwa inashikilia kwanza kwa nguvu, karibu 100 kwa dola moja mu 2014. Petroli ilikuwa inaleta dola mingi, kwanza ikawa na nguvu isiyo yake, na kwa mwenye kwanza mkononi kitu cha inje kilikuwa chepesi kununua kuliko kulima cha ndani. Mukulima wa Huíla alikuwa anashindana na mukulima wa Ureno mwenye mbolea, mkopo na barabara, na juu ya ile yote na feza ya inchi yake mwenyewe. Kwa mgeni sasa, mwenye mushahara wa dola, kila kwanza yenye nguvu ilikuwa inamukatia mufuko. Njo ile nafasi ya kwanza.

Kiisha petroli ikaanguka. Kutoka dola zaidi ya 110 kwa pipa katikati ya 2014 mpaka chini ya 30 mu Januari 2016. Dola zikapotea mu benki. Bei ya serikali ilikuwa karibu kwanza 166, na kwa makambisti wa barabarani ilifika karibu 600. Mu Januari 2018, miezi michache kisha João Lourenço kukamata uraisi, kwanza ikaachiliwa. Mwisho wa 2020 dola moja ilikuwa zaidi ya kwanza 600.

Na sasa angalieni orodha. Mu 2017 Luanda ni ya kwanza. Mu 2018 ni ya 6. Mu 2019 ni ya 26. Katika miaka miwili mji ukawa "mwepesi". Musomi mwenye kusoma orodha peke yake atasema maisha ilikuwa nafuu. Kumbe ile njo miaka mama wa musseque aliona bei ya mafuta ya kupikia, muchele na mukate ikipanda mara mbili, mara tatu, na mushahara ukibaki pale pale. Kwa mwenye dola mji ulishuka, kwa mwenye kwanza ulipanda. Mu Juni 2023, wakati serikali ilipunguza msaada wake kwa esansi na litre ikatoka kwanza 160 kwenda 300, watu walikufa katika maandamano ya Huambo. Hakuna orodha ya wageni iliyoshtuka.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wawili. Kinshasa ya 2016 haikuwa tajiri, na haikutukanwa. Ilikuwa na franga iliyosimama karibu 920 kwa dola moja kwa miaka kazaa, nyumba chache za kiwango cha mgeni, na jibini, nyama na hata vitunguu vya kutoka inje. Kiisha franga ikaanza kuanguka kuelekea 1,600, na yule mgeni akapumua kidogo. Yule wa Masina hakupumua.

Na Lubumbashi? Hatuko mu orodha, lakini kikapu tunacho. Tangu Kode ya migodi ya 2002 wamefika watu wa Afrika Kusini, Wachina, Wahindi. Mu Golf na mu centre-ville bei ya nyumba iko dola tu. Unga tunangojeaka Zambia. Ukame ukipiga kule kama mu 2024, au Lusaka ikifunga mupaka wa mahindi, sisi wenye hekta na hekta za udongo kati ya hapa na Kaniama tunaanza kuhesabu vikombe. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Muulize komisionere yeyote kama aliisomaka.

Mimi niliisoma mu 2022, usiku, baada ya bailleur wetu kutupa habari. Tulikuwa tumekaa mule miaka 11, tulikuwa tunalipa dola 180. Kampuni moja ya inje ilitoa 700 na mwaka muzima mbele kwa ajili ya wahandisi wake wawili. Baba hakubishana, alimushukuru hata kwa ile miaka 11. Tulihamia mbali, barabara ya Kipushi, na mama aliacha nyuma vitalu vyake vya lengalenga na ngai-ngai, kazi ya mikono yake na samadi nilizokuwa ninaleta kutoka shamba la fakilte. Wapangaji wapya walimwaga changarawe pale ili waweke jeep.

Jumapili nilipita kule. Kampuni ilimaliza kontra yake, nyumba iko wazi, na komisionere alikuwa amekaa mbele ya mulango na kiti cha plastiki. Nilijifanya mutu wa kutafuta. Akanitajia 650. Nikamuuliza kama bailleur anaweza kukubali 180 kwa familia ya hapa hapa, yenye kulipa kila mwezi bila kuchelewa. Alicheka kwanza, kiisha aliniangalia viatu, na akaniambia nyumba ina miezi saba tupu lakini patron anangojea wengine.