Noh na kyogen: Sanaa kongwe ya Japani mbele ya macho ya wageni

IWAPO kuna sanaa ya maonyesho inayodhaniwa haiwezi kuvuka mipaka ya nchi yake, basi ni noh ya Japani. Mwigizaji mkuu, mara nyingi akiwa amevaa kinyago cha mbao, huteleza polepole juu ya jukwaa la mraba lenye upana wa takriban mita 5.4, na hatua zake chache huweza kuwakilisha safari ya siku nyingi. Lugha yake ni ya enzi za Kan'ami na mwanawe Zeami, katika karne za 14 na 15. Hata Wajapani wa leo huielewa kwa taabu.

Hata hivyo, wageni wamechangia pakubwa uhai wa sanaa hii. Utawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa ulipoanguka, na serikali mpya kuundwa mnamo 1868, waigizaji walipoteza posho za makabaila na wengi wakaacha kazi hiyo. Iwakura Tomomi, aliyeongoza ujumbe uliozuru Marekani na Ulaya kati ya 1871 na 1873, aliona huko jinsi opera ilivyotumiwa kuwakirimu wageni wa heshima. Japani nayo ilihitaji chake cha kuonyesha. Mnamo 1879, Ulysses S. Grant, aliyekuwa rais wa Marekani, alitumbuizwa kwa noh nyumbani kwa Iwakura.

Safari za ng'ambo zilikuja baadaye sana. Kundi la noh lilicheza Venice, Italia, mnamo 1954.

Kyogen, vichekesho vinavyochezwa baina ya michezo ya noh, husafiri bila shida. Katika Bo-shibari, tajiri anawafunga mikono watumishi wawili wasije wakamnywea pombe, nao wanainywa vivyo hivyo. Kicheko hicho hakihitaji mkalimani. Mnamo 2001, Nomura Mansai alipeleka katika ukumbi wa Globe, London, kyogen iliyotokana na kichekesho cha Shakespeare.

Noh ndiyo yenye kibarua. Ukumbi wa Kitaifa wa Noh jijini Tokyo, uliofunguliwa 1983, una skrini ndogo nyuma ya viti zenye maandishi ya Kijapani na Kiingereza. Ni msaada wa kweli, ila una gharama yake: kinyago kikiinamishwa kidogo huonekana kuhuzunika, kikiinuliwa huchangamka, na anayesoma hayaoni hayo. Ndiyo maana baadhi ya waandalizi huwasimulia wageni kisa chote kabla ya onyesho, kisha wakawaacha watazame.