Wati za Kinu cha Upepo Hupimwaje?

Leo tuzungumzie kinu cha upepo kile kidogo, anachojitengenezea mtu nyumbani kwa mapanga ya mbao na sumaku, apate taa na kujaza betri. Fundi anakuambia, "Hiki ni cha wati 800." Muulize: katika upepo gani?

Swali hilo ni la siku nyingi. Mwaka 1759 mhandisi wa Kiingereza, John Smeaton, aliwasomea wataalamu wa Royal Society mjini London habari ya majaribio yake. Upepo wa nje haukumfaa, maana hautulii. Basi alifunga kinu cha mfano kwenye ncha ya mkono wa kuzunguka, mahali penye hewa tulivu, ili mapanga yakutane na hewa kwa kasi aitakayo yeye. Kinu kikavuta uzito kwa kamba, naye akapima. Akaona jambo ambalo wengi wetu hatuliamini upesi: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka karibu mara nane.

Mwaka 1920 Mjerumani Albert Betz akaonyesha kwa hesabu kwamba hakuna kinu kiwezacho kunasa zaidi ya sehemu 16 kati ya 27 za nguvu ya upepo unaokipitia, yaani kama asilimia 59. Vya kujitengenezea havifiki hapo.

Haya, chukua kinu chenye upana wa mita 2 toka ncha hadi ncha, tukisie kinanasa robo. Upepo wa mita 12 kwa sekunde, ambao ni mkali hasa, utakupa wati 800 hivi. Upepo wa mita 5 utakupa wati 60 tu! Fundi hakusema uongo, ila kachagua siku yake.

Ndiyo sababu mwaka 2009 chama cha nishati ya upepo cha Marekani kiliweka kanuni ya vinu vidogo: wati zitajwe kwa upepo wa mita 11, na utajwe pia umeme wa mwaka mzima penye upepo wa wastani wa mita 5. Mimi naona hesabu hii ya pili ndiyo ya mkulima, maana betri hujazwa na siku za kawaida.

Kupima chako, zidisha volti kwa ampea upate wati. Andika wastani wa kila dakika pamoja na kasi ya upepo, kipimo kikiwa juu sawa na kinu, mbali na miti. Dakika za mita 4 ziweke peke yake, za mita 5 peke yake. Na dakika ambazo kinu kimesimama ziandike pia: wati sifuri.