Kufuatilia Vita vya Maji Maji kwa Habari Zilizo Wazi

Mwenye kutafuta mwendo wa vita vya mwaka 1905 katika nchi ya Chunyu, pande za Nachingwea na Ruangwa, aweza kudhani kuwa hana budi kufunguliwa masanduku ya siri. Sivyo. Habari nyingi zilikwisha kutolewa hadharani. Iliyobaki ni kazi ya kuzipambanisha.

Mashahidi ni wanne. Wa kwanza ni Gavana von Götzen, aliyechapisha kitabu chake Berlin mwaka 1909. Wa pili ni mapadre Wabenediktini, waliopeleka habari Ulaya. Wa tatu ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake ulipigwa chapa 1933, na tena 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Wa nne ni wazee, ambao maneno yao yaliandikwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na tuziweke tarehe katika ramani. Mwisho wa Julai 1905 pamba ilikwisha kung'olewa Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Tarehe 14 Askofu Spiss na wenziwe waliuawa njiani kutoka Kilwa kwenda Liwale. Tarehe 28 misheni ya Nyangao ilishambuliwa. Kwa kuwa Ruangwa na Nachingwea ziko kati ya Liwale na Nyangao, yatupasa kukubali kuwa moto ule uliwapitia wenyeji wa huko kwa muda wa majuma machache tu.

Panapohitilafiana ndipo penye funzo. Serikali iliwahesabu watu wake mmoja mmoja: Wazungu 15, askari 73 na wasaidizi 316. Wenyeji ilikadiria 75,000. Gwassa, mwanachuoni wa nchi hii, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Hitilafu hiyo haikuletwa na risasi bali na njaa, kwani mashamba na ghala zilichomwa kwa kusudi, na aliyekufa porini akitafuta mizizi hakuwa na karani wa kumwandika.

Hata jina ni ushahidi. Kitabu cha Gavana chaitwa cha uasi. Utenzi wa 1957 waitwa wa vita. Mwasi huadhibiwa, mpiganaji huhesabiwa. Basi mchunguzi asiulize habari yasema nini tu, bali pia aliyeisema alikuwa amesimama wapi.