404 ya babu yanguruma tena

Wadau, kimya changu cha wiki nzima kimesababishwa na Peugeot 404. Gari la babu lilikuwa limelala chini ya mwembe huko Moshi tangu mwaka 1991, na baba mdogo alishapatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Lilikuwa liondoke Jumatatu. Mimi nikafika Ijumaa jioni.

Mtaniuliza, kwani gari hilo lina nini? Mbio za magari za Afrika Mashariki zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, baadaye zikawa za Pasaka. 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1968 matope hayakuwa na mchezo: kati ya magari 93 yalifika 7 tu. Nani asingelitaka gari hilo? Babu, karani wa ushirika wa kahawa, alilitaka mno.

Mimi na digrii yangu nilidhani ni kufunga betri na kupiga stata tu. Fundi mmoja mzee, jirani yetu, akanishika mkono. "Kijana wangu, utaiua. Ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu."

Tukafungua plagi zote nne, tukamimina oili kidogo kila tundu, tukaiacha ilale. Asubuhi akachomeka hendeli (ndiyo, 404 unaweza kuizungusha kwa mkono, nyie wa kubonyeza kitufe hamuwezi kuelewa). Ikagoma. Oili tena. Jumapili baada ya ibada ikasogea robo mzunguko, kisha ikazunguka.

Petroli ndani ya tangi ilikuwa imegeuka ulimbo. Tukaimwaga, tukaosha kabureta, tukasugua platini kwa msasa, tukabadilisha oili na mipira. Tukaizungusha kwanza bila plagi, oili ipande. Halafu plagi, betri ya kuazima, stata. Ikakohoa. Mara ya nne ikashika! Moshi ukajaa hadi migombani, kuku wakatawanyika.

Baba mdogo alitoka ndani na simu sikioni, akaikata. Babu, miaka 88, macho hayaoni vizuri, aliinua kichwa pale barazani akasikiliza kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu," akasema, "valvu moja inagonga."