Majina Kwenye Msingi

Marehemu baba alikuwa fundi mwashi. Shule niliyosoma aliijenga yeye na wenzake saba, lakini kibao cha ukutani kina jina moja tu, la mgeni rasmi aliyekata utepe. Kila tulipopita pale, baba aliutazama ukuta, si kibao. "Bado umesimama wima," husema, kisha tukaendelea na safari.

Nilimkumbuka siku niliposimama mbele ya hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur, kusini mwa India. Hekalu hilo la mungu Shiva lilijengwa kwa amri ya mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, likakamilika mwaka 1010. Mnara wake, wenye madaraja 13 na kimo cha mita 60 hivi, umesimama juu ya chumba kitakatifu chenyewe. Katika mahekalu mengi ya baadaye ya huko, minara mirefu iko malangoni. Umejengwa kwa itale, jiwe gumu mno, katika bonde la mto Kaveri ambalo ni udongo mtupu. Mawe yote yalitoka mbali.

Lakini macho yangu yalivutwa chini. Kuta za msingi zimejaa maandishi ya Kitamil. Mfalme aliagiza zawadi zake, za dada yake, za wake zake na za watu wengine zichongwe kwenye jiwe. Wala orodha haikuishia kwa wakubwa. Wamo wanawake wacheza ngoma wapatao 400 walioletwa kutoka mahekalu mengine, kila mmoja kwa jina lake, alikotoka na nyumba aliyopewa. Wamo wapiga ngoma, wahasibu, washonaji, wafinyanzi, madobi na vinyozi, pamoja na mafungu yao ya mpunga.

Simpambi mfalme. Sehemu ya utajiri ule ilikuwa nyara za vita, na waliobeba mawe hawamo katika orodha hiyo. Hata hivyo, ujira wa kinyozi wa miaka elfu iliyopita unasomeka hadi leo.

Niliporudi nyumbani nilichukua daftari, nikaandika majina ya wale wajenzi wanane wa shule yetu. Saba niliyapata kwa msaada wa mama. Wa nane alikuwa kibarua aliyechanganya udongo. Mama alilikumbuka jina lake la utani tu.