Bifu Langu na Harry Watt

Wasee wa Masaku, leo nina bifu na mtu aliyekufa 1987. Anaitwa Harry Watt, mzaliwa wa Edinburgh, mwandishi na mwongozaji wa filamu. Na kabla mnirushie mawe kwa komenti, najua: jamaa alikuwa mkali.

Cheki kazi zake. 1936, yeye na Basil Wright waliongoza Night Mail, kuhusu treni inayobeba barua usiku kutoka London hadi Scotland. Barua tu! Lakini ukianza huachi. 1941 akatoa Target for Tonight, ya vita, na badala ya mastaa akaweka wanajeshi wa anga wenyewe mbele ya kamera. Ikapewa Oscar ya heshima. Halafu akatumwa Australia, akarudi na The Overlanders (1946): watu wanaswaga ng'ombe 1,000 kuvuka nchi ili Wajapani wasiwapate. Ng'ombe wanatembea, basi, na watu wakajaa sinema.

Kisha akaja Kenya. Akakutana na Mervyn Cowie, aliyepigania mbuga za wanyama, na stori hiyo ikazaa Where No Vultures Fly ya 1951. Shujaa ni mzungu, Anthony Steel. Mhusika Mwafrika, M'Kwongwi, akaigizwa na Orlando Martins, mzaliwa wa Lagos. Yaani yule Watt aliyewaamini watu wa posta wajiigize wenyewe, alipofika kwetu mwenyeji akawa msaidizi.

Sasa bifu ni hii. Miaka 13 kabla ya hiyo muvi, 1938, serikali ya mkoloni ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe, ikisema ni wengi na wanaharibu ardhi. Mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinaanza Athi River, na kilihitaji ng'ombe. Watu wetu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 60, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka gavana awasikize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa lazima ukaachwa. Walishinda!

Hiyo si The Overlanders yetu? Na bado wengi wetu tunamjua Muindi Mbingu kama barabara ya kwenda City Market.

Simlaumu Watt peke yake. Yeye alifuata stori ya mtu aliyekutana naye. Sisi tuko hapa, tuna simu zenye kamera kali kuliko zote alizowahi kushika, na kila wikendi tunarekodi dansi ileile People's Park. Dansi ni sawa, mimi pia huwa naposti. Lakini mbinu yake haina hakimiliki: chukua watu wa kawaida, waache waongee wenyewe. Kama susu wako bado yupo, muulize wazazi wake walimwambia nini kuhusu 1938. Muulize kabla hujabonyeza rekodi, asiogope simu. Halafu nitag.